Kwa Nini Mwanangu Anaitwa Fumo

Kila ninapolitaja jina la mwanangu mbele ya mtu asiyemjua, huombwa nilirudie. Muuguzi aliyekuwa akijaza kadi ya kliniki aliniomba nilirudie mara mbili, fundi aliyemshonea kanzu yake ya kwanza alidhani nataja aina ya kitambaa, na mwalimu mwenzangu shuleni aliniuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kuudhi, kama tumekwisha kuamua au bado tunafikiria. Tumekwisha kuamua. Anaitwa Fumo, alizaliwa hapa Tanga katikati ya masika, na kwa kuwa nimelieleza jambo hili kwa vipande vipande mbele ya watu wengi, nimeona niliandike mara moja kwa ukamilifu.

Katika ukoo wetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hakuna aliyetarajia kwamba mimi ningeiacha njia hiyo. Baba yangu ana jina la mtume mtukufu, jina ambalo nalipenda na ambalo nilifundishwa kulitamka kwa heshima, lakini wajukuu wake wanne wamekwisha kupewa, na tukikutana sikukuu ya Idi mtu akiita kutoka jikoni huitikiwa na ua mzima. Darasani kwangu nina wanafunzi watano wenye jina hilo hilo, nao wenyewe wamebuni namna ya kutofautishana: huyu mrefu, huyu wa Chumbageni, huyu wa mkoba mwekundu. Sikuona ubaya katika jambo hilo. Niliona tu kwamba baba yangu amekwisha kuenziwa vya kutosha, na kwamba katika nasaba yetu kulikuwa na jina jingine ambalo kwa vizazi saba hakuna aliyelishika.

Babu wa baba yangu alitoka Siyu, katika kisiwa cha Pate, akaja Tanga kwa jahazi wakati wa kaskazi. Siyu ulikuwa mji wa watu wa kazi za mikono: walinakili misahafu, walichonga mbao na walishona viatu vya ngozi, na yeye alikuja na patasi zake akaoa hapa na asirudi tena. Baba yangu mdogo ndiye mwenye daftari la nasaba. Si daftari la kale, maana lilinunuliwa dukani na jalada lake lina picha ya jedwali la kuzidisha, lakini yaliyomo aliyanakili kutoka kwa babu yake kabla hajafa, na usiku mmoja, mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba, alinisomea majina yale kwa sauti, kutoka kwangu kurudi nyuma. Mengi nilikwisha kuyasikia. La mwisho, la mtu wa huko huko Siyu ambaye kwake kumbukumbu ya ukoo inakatika, lilikuwa Fumo. Sijui kwa nini halikuwahi kunigusa kabla ya usiku ule. Labda ni kwa sababu zamani nilikuwa nikisikiliza kama mtoto wa ukoo, na safari hii nilisikiliza kama mtu mwenye deni la jina.

Fumo ni neno la Kiswahili cha kale, na lina maana mbili ambazo zote zinapendeza. Kwanza ni mkuki wenye kichwa kipana. Pili ni mtawala, mkuu wa watu, na kwa maana hii ya pili lilitangulizwa mbele ya majina ya masultani wa Pate na baadaye wa Witu. Fumo Bakari ndiye aliyekuwa sultani wa Witu mwaka 1890, Waingereza walipokuja na majeshi yao wakauteketeza mji. Neno hilo lina ndugu wengi nje ya pwani pia. Kwa Wachewa chifu ni mfumu, kwa Wakongo vilevile, na hapa jirani kabisa, kwenye milima ya Upare, mtawala wa kale aliitwa mfumwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nakiri kwamba nilifurahi kupata jina ambalo ni la nyumbani na la bara zima kwa wakati mmoja.

Mama yangu hakufurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake juu ya goti, kisha akasema kwamba Fumo mmoja tu ndiye anayejulikana na watu, naye aliuawa na mwanawe. Hapo alikuwa na haki. Hadithi ya Fumo Liyongo tumelelewa nayo: jinsi mtumwa wa mama yake alivyompelekea gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ndani, akaikata minyororo huku nje watu wakiimba na kupiga ngoma, jinsi sultani alivyomrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti, jinsi mtoto yule alivyomdadisi baba yake mpaka akamwambia kwamba kinachoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mama alikumbusha hayo yote bila kusahau kisima, ambako Liyongo alipiga goti akiwa na mshale ameupachika katika uta wake, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani bado yu hai. “Unampa mtoto jina,” akasema, “na mwisho wa jina unampa vilevile.”

Nilimjibu kwamba katika hadithi ile mwovu si mwenye jina, na kwamba kilichosalia vinywani mwa watu wa pwani kwa karne nyingi si sindano bali ni ushujaa wake, mashairi yake na mama yake aliyekwenda kisimani kumbembeleza. Nilimkumbusha pia kwamba wengine wengi waliitwa Fumo, wakatawala, wakazeeka na kufa vifo vya kawaida. Alinyamaza, lakini nilijua kwamba kunyamaza kwa mama yangu si kukubali.

Siku mbili baadaye alileta hoja nyingine, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Aliniuliza: “Wajina wake ni nani?” Wasiokulia katika nyumba kama zetu huenda wasiuone uzito wa swali hilo. Mimi nimepewa jina la kaka yake baba, na tangu utotoni mzee yule hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita wajina, akaninunulia daftari za shule, akaniwekea mnofu wa kuku, na alipokaribia kufa aliagiza nipewe saa yake. Jina lilinifungulia mlango katika moyo wa mtu mzima kabla sijafanya lolote la kustahili. Mtoto mwenye jina ambalo halina mwingine anaukosa mlango huo. Mama hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu watakaompenda mjukuu wake na kukuta hesabu imepungua mmoja.

Sikuwa na jibu, na niliutumia usiku mzima kulitafuta. Asubuhi nilimwambia kwamba wajina wake yupo, ila amekufa zamani, na kwamba mtu yule wa Siyu amekaa mwisho wa daftari bila mtu wa kumwita wajina. Mama alitazama pembeni, na tangu siku ile hakuirudia tena hoja ya hadithi wala ya wajina, ingawa aliendelea kusema kwamba jina ni fupi mno.

Huko kwa wakwe zangu Tabora tatizo lilikuwa jingine kabisa, na ni tatizo ambalo mimi, pamoja na ualimu wangu wote, sikulitazamia. Mke wangu ni Mnyamwezi. Nilipomtajia jina kwa mara ya kwanza alitabasamu, akaniuliza kama najua kwamba kwao mfumu ni mganga. Neno lile lile ambalo mashariki na kusini ni la mtawala, kwa Wanyamwezi na Wasukuma ni la mtu wa dawa na ramli. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo mashemeji zangu hawakungoja ruhusa: mmoja alipiga simu kuuliza kama mtoto atakuja na tunguri zake, mwingine akasema ameshapata mgonjwa wa kwanza. Nilicheka nao kama inavyopasa, lakini niliogopa nafsi ya mkwe wangu, kwa sababu mtu mzima aliyesilimu na kuhiji hatapenda mjukuu wake aitwe kwa jina linalofanana na la mpiga ramli.

Baba mkwe alinipokea kwa namna ambayo sitaisahau. Aliniambia kwamba mjini neno mganga limechafuka, lakini yeye alipokuwa mtoto mfumu alikuwa mtu ambaye mlango wake hugongwa usiku wa manane na wenye wagonjwa, naye huamka. Kisha akaniuliza kama najua maana ya jina Nyerere. Kwa Wazanaki ni viwavi, wale wanaovamia mashamba, na baba yake Mwalimu alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipovamia; Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwezi Aprili mwaka 1922 wakati mvua zikinyesha, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua, na la Julius lilikuja alipobatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943. “Nchi nzima inaitwa kwa majina ya viwavi,” akasema, “barabara, uwanja wa ndege, shule, na hakuna anayewakumbuka viwavi.” Akaomba jambo moja tu, kwamba kwa kuwa mtoto wetu naye atazaliwa masika, yeye amwite Mabula, jina la mvua, kama ilivyo desturi ya kwao. Hadi leo akipiga simu humuulizia Mabula, na sisi tunajua anayemkusudia.

Nilikwenda pia kwa shehe wa msikiti wetu, si kwa sababu nilikuwa na shaka kubwa, bali kwa sababu jina la mtoto ni haki yake juu ya mzazi na sikutaka kuibeba peke yangu. Nilidhani ataniambia nichague jina la Kiarabu. Hakusema hivyo. Alisema kwamba majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullahi na Abdurrahmani, na kwamba nje ya hayo mlango ni mpana kwa lugha yoyote, mradi maana iwe njema. Akanisimulia habari ya mtu aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akaulizwa jina lake akasema ni Hazn, yaani ugumu wa ardhi yenye mawe. Mtume akamwambia, “Wewe ni Sahl,” yaani ulaini. Yule mtu akakataa kulibadili jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake, mwanachuoni Said bin Musayyab, alikuja kusema kwamba ugumu haukutoka katika ukoo wao tangu siku ile.

Tukaipima maana ya Fumo kwa uangalifu. Shehe alikumbusha kwamba jina la Harb, yaani vita, limechukizwa, na kwamba kumwita mtu mfalme wa wafalme kumekatazwa kwa ukali. Lakini mkuki si vita, kwa kuwa mlinzi pia hubeba mkuki, na mkuu wa watu katika mji wake si mshindani wa Mungu. Aliniachia sharti ambalo sikulitegemea: nimfundishe mtoto maana ya jina lake mapema, kabla hajafundishwa maana nyingine na wenzake.

Sharti hilo lilinifanya nifikirie kwa nini majina mengi mapya ninayokutana nayo katika orodha ya wanafunzi hunihuzunisha. Ugeni wa jina haunitishi, kwa sababu pwani yetu imejaa majina ambayo mgeni angeyashangaa: Tabu, Shida, Mashaka, Majuto, na hata Mtumwa, ambalo mzazi aliyefiwa na watoto alimpa aliyefuata ili kifo kimdharau na kumpita. Kila moja la majina hayo lina mtu anayejua lilikotoka. Kinachonihuzunisha ni jina lisilo na mwenyewe. Wapo wazazi wanaochukua silabi ya baba na silabi ya mama wakaziunga, na mtoto akiuliza maana hujibiwa kwamba ni zuri tu. Wapo wanaookota katika intaneti, ambako zimezagaa orodha za majina yanayoitwa ya Kiswahili, nyingi zikiwa zimesambaa tangu Wamarekani weusi walipoanza, katika miaka ya 1960, kuwapa watoto wao majina ya Afrika. Hamu yao naiheshimu sana, maana walikuwa wanatafuta walichonyang’anywa. Lakini orodha hizo huandika, kwa mfano, kwamba Jelani ni Kiswahili na maana yake ni mwenye nguvu. Nimefundisha lugha hii kwa miaka kumi na mbili na sijalikuta neno hilo katika kamusi wala kinywani mwa mzee yeyote. Ninalolijua ni Jilani, nisba ya Sheikh Abdulqadir ambaye wafuasi wa Kadiria humtaja katika dhikri zao hapa pwani. Mzazi wa Tanga anapomwita mwanawe Jelani kwa kusoma ukurasa ulioandikwa mbali na hapa, analipokea neno kutoka kwa watu ambao nao walidhani wamelipokea kutoka kwetu.

Nisije nikaonekana nilijali maana tu. Mimi ni mwalimu na najua watoto wanachoweza kulifanyia jina, kwa hiyo mimi na mke wangu tulikaa jioni moja tukalijaribu kwa kila namna ya kejeli tuliyoweza kuibuni. Lipo neno fumania, ambalo siku moja watoto wakubwa watalikumbuka. Lipo neno mfumo, na kwa kuwa siku hizi kila ofisi unayokwenda unaambiwa mfumo uko chini, tulijua kwamba Fumo akilala darasani ataambiwa hivyo hivyo. Tuliona kwamba anaweza kuyastahimili. Kisha tulitoka uani tukaliita kwa sauti kubwa, kama anavyoitwa mtoto wakati wa magharibi, na likaenda mbali bila kuvunjika: Fumooo! Jirani alichungulia dirishani. Mwishowe tulilijaribu juu yetu wenyewe, kwa sababu desturi ya kwetu ni kwamba jina la kifungua mimba ndilo wazazi watakaloitwa nalo maisha yao yote. Mke wangu alilitamka polepole, Mama Fumo, akasema analisikia kama jina la mtu mwenye nyumba yake.

Alizaliwa alfajiri, mvua ikigonga mabati. Nilimwadhinia katika sikio la kulia na siku ile ile nikamnong’oneza jina lake. Karatasi ya tangazo la kizazi tuliyopewa hospitalini ilikuwa imeandikwa Mfumo. Sikuiona mpaka tulipofika nyumbani, na nilirudi huko mara tatu kabla haijaandikwa upya, kwa sababu kila aliyeiona aliona kwamba lililoandikwa ndilo neno na nililolitaka mimi ndilo kosa. Mzazi yeyote mwenye jina la namna hii nampa ushauri mmoja: andika jina kwa herufi kubwa kwenye kipande chako mwenyewe cha karatasi, mkabidhi mwandishi, na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichoandika. Mtoto anapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90, na kosa la herufi moja likishaingia katika cheti cha kuzaliwa litamfuata shuleni, katika kitambulisho cha taifa na katika pasipoti, ambako kulirekebisha ni kazi ya viapo na safari nyingi.

Akika tuliifanya siku ya saba, kwa mbuzi wawili kama inavyosuniwa kwa mtoto wa kiume. Mama yangu ndiye aliyempakata wakati wa kunyolewa, na nywele zile chache zilipokuwa zikidondoka juu ya kitambaa cheupe nilimsikia akimwambia, kwa sauti ambayo hakuikusudia kwa ajili yetu, atulie Fumo wake. Watu walipokwisha kula, baba yangu mdogo alitoa daftari lake lenye jedwali la kuzidisha, akaomba kalamu. Aliandika jina la mtoto juu kabisa, mahali alipokuwa ameacha nafasi, kisha akalisoma daftari lote kwa sauti mbele ya wageni: Fumo mwana wa fulani, mwana wa fulani, akiteremka jina moja moja kwa mwendo wa mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka akafika chini kwa yule wa Siyu. Alipolifikia alisita, akarudisha macho juu ya ukurasa, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwa bibi yake.

“Wajina,” akasema, na kufunga daftari.